Sindano Mbili na Kombe la Vitunguu

Jumatatu, 3 Mei

Ligi imerudi. Mwaka mzima hatukugusa mpira kwa sababu ya korona, na leo asubuhi nimekuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa stoo ya hospitali: timu nne za mpira wa pete, Jikoni, Usafi, Masijala na sisi Udobi. Mechi ni kila Jumamosi kwenye uwanja wa changarawe nyuma ya boila, fainali tarehe 3 Julai. Nimeisoma mara tatu, kisha nikakimbia na toroli la foronya mpaka chumba cha kukunjia kumpa nahodha habari. Yeye alikuwa ameshika ncha mbili za shuka, ananingoja.

"Nimeshaiona," akasema. "Shika upande wako."

Daftari hili limekaa kabatini tangu nimalize shule. Nimelitoa kwa sababu huu si msimu kama mingine. Nahodha anastaafu tarehe 16 Julai. Ana miaka ishirini na sita Udobi, ishirini na miwili kati ya hiyo amekuwa mlinda goli wetu, na kombe hajawahi kulishika hata kwa kidole. Kombe liko Jikoni mwaka wa tisa huu. Wameliweka dirishani wakalijaza vitunguu, na kila tukipita na matoroli ya mashuka machafu, mpishi mkuu, ambaye ndiye nahodha wao, huchomoa kitunguu kimoja taratibu huku anatutazama. Mimi ndiye mfungaji wa Udobi. Mwaka huu nataka atafute bakuli lingine la kuwekea vitunguu vyake.

Jumanne, 4 Mei

Mvua. Mazoezi hakuna. Nahodha alirusha furushi la mashuka kwenye toroli refu akiwa mlangoni, hatua kama saba, mkono mmoja, kutokea kiunoni. Halikugusa hata ukingo. Nafanya naye kazi mwaka wa tano na sijawahi kumwona akikosa. Wala haangalii.

Jumatano, 5 Mei

Kesho tunachanjwa, kitengo chetu kizima. Jikoni walitangulia wiki iliyopita kwa sababu wao wanashika chakula.

Redio ametuletea orodha ya balaa zote. Redio ni yule dada wa mashine za kufulia, anayepata habari kabla hazijatokea. Eti mkono utaganda, eti utalala siku tatu, eti jirani wa binamu yake mpaka leo akila chumvi haisikii. Nahodha akamwacha amalize, akakunja shuka lake mpaka mwisho, ndipo akamuuliza:

"Mwaka jana wadi ya ghorofa ya tatu ilikuwa inatuletea magunia mangapi kwa siku?"

"Arobaini," Redio akasema.

"Kuna siku yalikuja sitini. Na kesho yake kumi na mawili. Ulimuuliza mtu yeyote kwa nini yamepungua?"

Sisi hatukuhitaji kusoma gazeti mwaka ule. Mashuka yalitosha kutuambia, na tuliyakunja bila kuzungumza.

"Kesho saa tatu," nahodha akasema. "Wachezaji wote saba, foleni moja. Timu ni timu."

Alhamisi, 6 Mei

Tumechanjwa. Muuguzi wa chanjo ni mama mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimuuliza kila mtu, "Mkono gani huutumii sana?" na sote saba tukampa wa kushoto. Bondia, yule wa pasi kubwa, ambaye hubeba magunia mawili kwa mpigo, alizimia kabla sindano haijamgusa. Ilibidi watu wanne kumwinua. Alipozinduka akauliza kama imeuma.

Tulikaa kwenye benchi robo saa ili watuangalie. Muuguzi akatueleza yanayoweza kuja: mkono kuuma, homa, baridi, kichwa, mwili kuchoka. Siku moja, mbili, pengine tatu. Kunywa maji, pumzika, meza dawa ya maumivu ukizidiwa. "Ila kifua kikikubana, au pumzi ikiwa ya shida, au homa ikikataa kushuka, usikae nyumbani ukasema ni chanjo. Njoo mbio."

Redio alitaka kujua kuhusu chumvi. Muuguzi akamuuliza huyo jirani wa binamu anapika nini.

Ijumaa, 7 Mei

Jamani, leo ni siku ya kuandikwa.

Atakayesoma hapa bila kuwahi kukunja shuka la hospitali inabidi nimweleze. Shuka hukunjwa na watu wawili waliotazamana. Kila mmoja anashika ncha mbili, mnavuta kwa pamoja mpaka kitambaa kinalia, ndipo mnakunja. Sasa mkitazamana, mkono wangu wa kulia unavutana na wa kushoto wa mwenzangu. Na chumba kizima kimechanjwa kushoto. Kwa hiyo kila aliyevuta kwa mkono wake mzima alikuwa anamtonesha mwenzake, na mwenzake akilipiza, anamtonesha yeye. Ikawa aa huku, aa kule, kama tunatekenyana. Hadi saa sita tulikuwa na mlima wa mashuka ambayo hayajakunjwa, na msimamizi amesimama mlangoni haelewi acheke au agombe.

Bondia hakuja, ana homa. Redio alikuja akalala juu ya foronya safi, tukamfunika. Nahodha alitetemeka kwa baridi huku amesimama karibu na pasi ya rola, kwenye joto ambalo siku nyingine humtoa jasho mpaka visigino.

Na mimi? Mimi sina kitu. Nimebonyeza mkono mara kumi. Hata kauchungu ka kusingizia hakuna.

Jumamosi, 8 Mei

Jikoni 31, Udobi 9. Yote tisa nilifunga mimi, maana wenzangu walikuwa wanatembea. Mpishi mkuu alimaliza mechi akaenda moja kwa moja dirishani kuchukua kitunguu.

Jumapili, 9 Mei

Nimeanza kuingiwa na wasiwasi. Wote wameugua isipokuwa mimi. Mama kasema labda sindano ilinikosa, nilivyo mwembamba. Wenzangu kazini huniita Ngazi, na mama anaona hilo ndilo jina walilopatia.

Jumatatu, 10 Mei

Redio amenipa jina jipya: Chanjo ya Maji. Limeenea mpaka Masijala. Nilikwenda kwa muuguzi, nikafunga mlango, nikamwambia ukweli kwamba naogopa sikuchanjwa. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Nilikuchoma mwenyewe, nikiwa na akili zangu," akasema. "Miili haifanani. Mwingine mwili wake ukifanya kazi unapiga kelele, wa mwingine unafanya kimya kimya. Kimya si uvivu."

Nimemrudishia Redio maneno hayo neno kwa neno. Akasema kimya huwa ni uvivu, muuguzi aje aniangalie mimi mazoezini.

Jumatano, 12 Mei

Sasa zamu ya Redio. Ameota uvimbe kwapani, kama tunda dogo, upande ule ule wa sindano. Tangu asubuhi anagawa urithi: sufuria zake kwa dada yake, nafasi yake ya kiungo kwa Bondia. Nahodha akamshika mkono akampeleka kwa muuguzi kama mtoto wa shule. Wamerudi baada ya dakika tano. Kumbe ni tezi. Mwili ukijifunza chanjo, tezi za upande huo huweza kuvimba, na hupungua zenyewe baada ya siku kadhaa. Zisipopungua, arudi.

"Kwa hiyo siyo kufa?" Bondia akauliza, ameshaivaa vesti ya kiungo.

"Vua," Redio akasema.

Jumamosi, 15 Mei

Udobi 22, Masijala 18. Asante Mungu.

Alhamisi, 20 Mei

Uvimbe wa Redio umeisha. Anaonyesha kwapa kwa watu ambao hawajaomba kuliona.

Jumamosi, 22 Mei

Udobi 25, Usafi 25. Mvua imetupiga kipindi chote cha mwisho, changarawe imekuwa uji.

Jumamosi, 5 Juni

Tumewafunga Masijala tena, 27 kwa 16. Nilifunga ishirini na moja. Nilikuwa siwezi kutulia, nikamwambia nahodha tulipokuwa tunasukuma matoroli, "Yaani ukiachia mpira ukaingia bila kugusa chuma, ile sauti ya wavu, nahodha, mwili wote unasisimka."

Akasukuma kidogo. "Mimi siijui," akasema.

Sikumwelewa. Akanikumbusha sheria ambayo mimi mwenyewe naicheza kila wiki: katika mpira wa pete wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu, wenye vesti za ufungaji. Mlinda goli hata akipewa mpira chini ya pete ya wapinzani hana ruhusa, wala kufika kule hana ruhusa. Miaka ishirini na miwili amezuia mipira ya watu. Hajafunga hata goli moja maishani.

"Hata mazoezini?"

"Mazoezini nani atazuia?" akasema, akarusha furushi. Likaingia.

Kumbe mtu unaweza kukunja naye mashuka miaka mitano, mnavutana kila siku, na usijue jambo kama hilo. Nimejisikia vibaya kwa kile kisa changu cha sauti ya wavu.

Jumamosi, 12 Juni

Jikoni 24, Udobi 23. Tumefungwa, ndiyo, lakini kwa goli moja. Mlingoti, mfungaji wao, yule dada mrefu asiyekosa, alimaliza mechi anahema. Mpishi mkuu hakwenda dirishani. Siku za mwizi arobaini.

Jumatano, 16 Juni

Mvua siku ya sita. Mashine moja ya kukaushia imekufa. Tunakunja mpaka tunaota mashuka.

Jumamosi, 26 Juni

Tumewapiga Usafi 30 kwa 21. Tuko fainali. Tuko fainali na Jikoni. Nimeandika mara mbili kwa sababu inapendeza kuiandika. Bondia alimbeba nahodha begani kuzunguka boila, nahodha anampiga makofi ya mgongo amteremshe, anacheka mpaka machozi.

Jumatatu, 28 Juni

Ngoja nipumue kwanza.

Tangazo limetoka leo mchana. Sindano ya pili ni Alhamisi hii, tarehe 1 Julai, kwa wafanyakazi wote. Jikoni walikuwa wapate yao wiki iliyopita lakini shehena ikachelewa, kwa hiyo wote tutachanjwa siku moja. Fainali ni Jumamosi. Na muuguzi ametuambia wazi kwamba shehena nyingine hajui itakuja lini, inaweza kuwa wiki mbili, inaweza kuwa miezi miwili.

Redio akasema tungoje. Nami nikasema tungoje. Mwezi wa tano si tuliona? Tulicheza kama watu waliotolewa wadini. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Miezi miwili tumeifanyia kazi Jumamosi hii. Tutaitupa kwa homa ya siku moja?"

"Homa ya siku moja," nahodha akarudia. "Ndiyo, ya siku moja. Nyie mnaingia wadi ya ghorofa ya tatu kila asubuhi kutoa mashuka. Mnarudi kwa mama zenu, kwa watoto wenu. Sindano iko mezani Alhamisi. Tutachanjwa Alhamisi."

"Lakini nahodha, kombe."

"Wewe una miaka ishirini na sita. Fainali utacheza nyingine, na nyingine. Mimi sina nyingine, na ni mimi ninayesema tuchanjwe. Sasa wewe unalilia nini?"

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua. Nilimkasirikia, naandika ukweli. Nilitaka kombe lile kwa ajili yake, na yeye mwenyewe analiacha liende kama mtu anayeacha toroli kwenye mteremko. Nimefika nyumbani nimenuna. Mama akaniuliza kuna nini, nikamweleza yote. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Huyo nahodha wako," akasema, "nikifika kazini kwenu nionyeshe ni yupi, nimwamkie."

Jumatano, 30 Juni

Nimemwomba nahodha msamaha. Akasema shika upande wako.

Halafu akatuita sote. Amewaza usiku na mchana, na amepata dawa ya ule mkasa wa kukunja. Safari hii watu wawili wanaokunja pamoja wasichanjwe mkono mmoja. Mmoja achanjwe kushoto, mwenzake kulia. Mkitazamana, mikono inayouma inakuwa upande mmoja wa shuka, na mizima upande mwingine. Upande mgonjwa mnavuta kwa upole wote wawili, upande mzima mnavuta kama kawaida, hakuna wa kumtonesha mwenzake.

Tulipiga makofi, hata msimamizi. Jambo rahisi namna hiyo, na hakuna aliyelifikiria. Mimi na nahodha ndio jozi, na yeye anarushia mafurushi mkono wa kulia, kwa hiyo nikajitolea, wa kulia niutoe mimi. Akanishika bega. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza, maana tangu Jumatatu nilikuwa namtafutia njia ya kumfurahisha.

Alhamisi, 1 Julai

Tumemaliza. Muuguzi aliponiona nakunja shati mkono wa kulia akaniuliza, "Una uhakika? Mwezi wa tano ulinipa wa kushoto." Nikamwambia sisi Udobi tuna mpango wetu. Bondia hakuzimia. Alifumba macho akataja wajomba zake wote kwa majina.

Ijumaa, 2 Julai

Naandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zinaanguka, nivumilie, daftari.

Asubuhi mpango ulifanya kazi ajabu. Mikono inauma, kila mtu anaumwa, lakini chumba kimya, mashuka yanakunjwa, hakuna aa wala uu. Msimamizi alipita akatikisa kichwa kwa heshima. Nahodha alikuwa anaimba. Saa saba tulikula, na Redio akatoa mpira kutoka kabatini akanirushia. "Mfungaji, hebu onja mkono."

Nikaudaka kwa kushoto. Nikaupandisha kwa kulia ili nirushe. Mkono ukafika usawa wa bega, ukakataa. Nikajaribu tena. Ukakataa, na uchungu ukanitoa machozi. Nikageuka, nikakuta watu wote sita wananitazama, na nahodha ameshika kijiko kimesimama hewani.

Mkono wa kulia, mkono ninaofungia. Tulikaa siku nzima tukapanga mikono ya watu kumi na wawili, jozi kwa jozi, kushoto na kulia, tukapigiana makofi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba kesho kuna mpira. Tulipanga kwa ajili ya mashuka. Hivi ndivyo tulivyo, tukiambiwa mkono tunawaza shuka.

"Mkono mmoja haulei mwana," Redio akasema polepole.

"Kimya, Redio," wote tukasema.

Nahodha aliweka kijiko chini. Alisema kosa ni lake, na alilisema mara moja tu. Saa tisa baridi ikaanza kunipanda kutoka miguuni. Chanjo ya Maji, leo imenijia mimi. Homa nyuzi thelathini na nane na nusu, meno yanagongana, kichwa, viungo. Mama amenifunika mablanketi yote ya nyumba, ananinywesha maji kila nikifumbua jicho. Anasema angalau sasa nimejua sindano haikunikosa.

Jumapili, 4 Julai

Jana sikuweza kuandika. Leo nitaandika yote.

Niliamka Jumamosi homa imekwenda, mwili mwepesi, mkono mzito. Uwanjani muuguzi alinipima mwenyewe. "Homa hakuna. Ningekuwa mama yako ningekurudisha kitandani." Mama yangu alikuwa amesimama pale pale, kaja kumwamkia nahodha, na akasema yeye ameshashindwa. Muuguzi akaniapisha: kizunguzungu au kifua kubana, natoka bila kubishana.

Jikoni nao walikuwa na yao. Wawili wameshindwa kuja, wanatetemeka nyumbani, wakaingiza wa akiba. Mlingoti ana kichwa, amejifunga kitambaa kwenye paji la uso. Lakini wote wamechanjwa kushoto, maana wa kulia ni wa mwiko. Mpishi mkuu aliponiona nanyoosha mkono wa kushoto akauliza, "Kwani wewe umechanjwa wapi?" Nikamweleza. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema pole, na nadhani alimaanisha.

Nilifunga kwa kushoto. Yaani nilijaribu. Mipira iligonga chuma, iligonga nguzo, mmoja uligonga fundi wa boila aliyekuwa anakula karanga. Tulipofika mapumziko ya katikati, Jikoni 13, Udobi 6. Watu wa dirisha la jikoni wameshaanza kuimba.

Tukakaa kwenye ndoo zilizogeuzwa. Nahodha alikuwa anafuta miwani ya Redio kwa ncha ya vesti, mkono wa kulia unazunguka taratibu. Nikautazama ule mkono. Kwa nini haikunijia tangu Ijumaa sijui, labda homa.

"Nahodha, vua vesti."

"Nini?"

"Vua vesti yako unipe. Vaa yangu. Mapumziko ni ruhusa kubadilishana. Mimi ni mrefu, nitasimama mbele ya Mlingoti niinue kushoto, inatosha. Wewe kafunge."

"Wewe mtoto, homa imerudi. Mimi sijui kufunga."

"Toroli liko wapi?" nikamuuliza.

Akageuka akatazama mlango wa Udobi.

"Hatua saba, nahodha. Kutokea kiunoni. Mwaka wa tano nakuangalia. Ulishawahi kukosa?"

Bondia akasimama. "Pete ni toroli lisilo na chini," akasema, na hilo nadhani ndilo lililommaliza. Nahodha akavua vesti. Akaivaa yangu.

Mpira wake wa kwanza alirusha kwa juu, kama anavyoniona mimi nikifanya. Ukaenda nje kabisa. Jikoni wakacheka. Nilipiga kelele kutoka upande wangu wa uwanja, "Usiangalie, nahodha! Furushi tu." Mpira wa pili akaushusha kiunoni, akageuza uso pembeni, akauachia. Ulipanda juu ya mikono ya mlinzi wao, ambaye alikuwa amejiandaa kuzuia huko juu, ukashuka katikati. Wavu ukalia.

Nahodha alisimama vile vile, mkono umening'inia. Mwamuzi ilibidi amwambie asogee. Nilikuwa mbali, uwanja mzima katikati yetu, lakini najua aliisikia, kwa sababu aliugusa mkono wake mwenyewe kama anauuliza swali.

Baada ya hapo sikumbuki kwa mpangilio. Ameingiza mmoja, mwingine, mwingine. Mimi naruka na mkono wa kushoto mbele ya Mlingoti, ananiambia, "Ngazi, ondoka bwana, kichwa kinaniuma," nami namwambia mpanda ngazi hushuka. Mvua ikaanza. 17 kwa 15. 18 kwa 17. 19 kwa 19. Mama yangu, mtu mzima na heshima zake, amepanda juu ya ndoo. Mpishi mkuu anaamuru watu wake wawili wamzingire nahodha, na wawili hao wanainua mikono juu, na yeye anarusha kutokea chini, kwapani mwao. Ishirini kwa ishirini. Mwamuzi anatazama saa. Redio anaudaka mpira, anampa nahodha pembeni kabisa ya duara, maji yanamchuruzika usoni.

Alinitafuta mimi kwa macho, akanipata, na akaurusha huku bado ananitazama.

Udobi 21, Jikoni 20.

Magoli kumi na tano, mtu aliyekuwa hajafunga hata moja. Nilikimbia nikasahau mkono, nikamkumbatia kwa mikono yote miwili, sote tukasema aa kwa pamoja, mimi kulia, yeye kushoto. Mpishi mkuu aliingia jikoni, akatoka na kombe, akamwaga vitunguu vyote ndani ya aproni yake, akampa nahodha mikononi. "Dada yangu," akasema, "wewe ulikuwa wapi miaka yote hii?"

"Nilikuwa nakuzuia," nahodha akasema.

Jumatatu, 5 Julai

Mkono umeanza kupanda. Leo umefika sikioni. Kwapani kuna kauvimbe, kama ka Redio. Redio ameomba kukaona, nimemkatalia.

Alhamisi, 8 Julai

Tumelifua kombe mara tatu kwa maji ya moto. Bado linanuka vitunguu. Nahodha anasema liachwe hivyo hivyo. Tumelijaza vibanio vya nguo, tumeliweka dirishani.

Ijumaa, 9 Julai

Mpishi mkuu amepita na toroli la vyombo. Nilichomoa kibanio kimoja, taratibu.

Ijumaa, 16 Julai

Mvua imeisha. Mashuka yameanikwa nje kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano. Kauvimbe kamekwisha, mkono mzima, sina dalili hata moja ya kusimulia. Kadi zetu za chanjo zina mihuri miwili.

Asubuhi nilikunja na nahodha mashuka mia moja na arobaini. Nilitaka kumwambia kwamba siku ile ya mvua nilipomkasirikia, nilikuwa sijamjua. Nilidhani kombe halitaki, kumbe alitutaka sisi wazima kwanza. Nikaanza, "Nahodha, ile Jumatatu," akasema shika upande wako. Nikashika.

Saa kumi watu wote wamejipanga ukutani, msimamizi, muuguzi, Jikoni nzima na aproni zao. Furushi la mwisho la siku lilikuwa kwenye meza. Nahodha akalichukua, akaenda mlangoni, akasimama pale anaposimama siku zote. Safari hii aliliangalia toroli. Aliliangalia muda mrefu. Akarusha, na furushi likagonga ukingo, likaanguka sakafuni, likafunguka.

Alikuwa analia, kumbe, toroli lenyewe alikuwa halioni.

Nilikwenda nikayaokota mashuka, nikayafunga upya kwa mikono miwili, nikamrudishia.

"Hiyo haihesabiki, nahodha," nikamwambia. "Rudia."